Mjomba, sungura wetu mdogo anaharisha na hataki kushikwa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Binti yangu wa miaka tisa amenisumbua muda mrefu akitaka sungura, mwishowe nikamkubalia. Tumempata mwishoni mwa wiki iliyopita. Aliyetuuzia alisema ana wiki sita na kwamba "anakula kila kitu". Basi nasi tukampa kila kitu: karoti, saladi, mkate, maganda ya tufaha, na asubuhi maziwa kidogo ya ng'ombe kwa sababu nilimwonea huruma, mtoto mchanga hana mama. Karoti aliipenda mno. Binti yangu alikuwa anampa kipande kila anapopita.

Mwanzoni alikula vizuri tu. Sasa kinyesi chake kimekuwa laini, kinanuka, na kingine kimegandia kwenye manyoya ya nyuma. Alfajiri moja nilimkuta ameinama anakula kitu kutoka huko huko nyuma, nikashtuka. Halafu leo mkojo umetoka rangi ya chungwa, karibu na nyekundu. Jirani yangu, ambaye najua ananitakia mema, ameniambia nimpe amoksilini ya maji iliyobaki mwanangu mdogo alipougua kifua. Chupa ninayo kwenye friji, bado sijampa.

La pili, anatuogopa. Tumemweka kwenye kizimba cha waya sebuleni, karibu na televisheni, ili azoee watu. Lakini mchana kutwa amejibanza kona ya nyuma, na usiku anapiga mguu chini, pu! pu!, mpaka tunaamka. Binti yangu akimtoa anarusha mateke. Juzi alimkwaruza mkono akaruka kutoka kifuani, bahati nzuri akaangukia kochi. Mtoto alilia sana, si kwa maumivu, ila anasema sungura wake hampendi.

Dada yangu anashauri tumletee mwenzake kwa kuwa upweke ndio unaomsumbua. Mume wangu anasema tumrudishe alikotoka. Mimi sijui nimsikilize nani. Alishwe nini, kiasi gani, na tumtulizeje?

Mama Mwenye Wasiwasi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na hiyo chupa. Usimpe hata tone. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura zinaweza kumuua, hata kama binadamu anazimeza bila shida. Utumbo wake umejaa bakteria wanaomsagia chakula, na dawa hizo huwafyeka wale wema, kisha wabaya waliokuwa wachache wakapata nafasi ya kuzaana na kumwaga sumu. Kwa hiyo jirani mshukuru kwa moyo wake, lakini dawa ya mtoto wako ibaki ya mtoto wako. Na kwa kuwa tumeingia kwenye dawa, niongeze hili: matone ya kuua viroboto ya mbwa na paka yenye fipronil nayo ni sumu kwake. Sungura hapewi dawa yoyote ambayo daktari wa mifugo hajaitaja kwa ajili ya sungura.

Sasa huko kuharisha. Nataka ukainame karibu kabisa na kizimba uangalie, kwa sababu sungura ana choo cha aina mbili na watu wengi hawaambiwi. Cha kwanza ni punje kavu za mviringo, ukiiponda moja kwa vidole unaona vinyuzi vya nyasi, wala hainuki. Cha pili ni laini, cheusi, kinang'aa kwa ute, kimeshikana kama kishada cha zabibu ndogo sana, na kinanuka kweli. Hiki cha pili ndicho ulichomwona anakila alfajiri. Ni chakula chake halali. Nyasi hupita tumboni mara ya kwanza bila kumaliza kutoa faida yake, zikachachushwa na wale bakteria kwenye mfuko mkubwa wa utumbo, kisha anazichukua tena moja kwa moja kutoka nyuma na kuzimeza ili apate protini na vitamini za kundi B. Usimzuie, na umweleze binti yako kabla hajasimulia shuleni kwamba sungura wake ni mchafu.

Vishada hivyo vikiachwa chini au vikimgandia manyoya, maana yake amekula vitamu na vya wanga kupita kiasi, vikatoka laini mno au vingi kuliko anavyohitaji. Nadhani ndiko mliko ninyi, na chakula kikirekebishwa hali huwa inarudi. Lakini ukiona maji, uji usio na umbo lolote, ute mtupu au damu, acha kusoma hapa umpeleke kwa daktari leo hii. Mtoto wa umri huo akiharisha maji anaweza kuondoka ndani ya siku moja. Mara nyingi huwa ni koksidia, vijidudu vinavyoshambulia utumbo wa sungura wadogo hasa wakikaa penye unyevu na uchafu, navyo vina dawa yake maalumu. Chukua kinyesi kidogo kwenye kifuko safi uende nacho, daktari atakipima kwa hadubini.

Hata kama ni vishada tu, ningempeleka akaguliwe wiki hii hii. Huyo muuzaji amekuambia wiki sita. Macho ya daktari yanaweza kukuambia vingine. Atamwangalia meno, tumbo na masikio, na atakuambia ni dume au jike, jambo tutakalolihitaji mbele. Muulize pia kuhusu chanjo ya miksomatosisi na ya homa ya sungura ya kutoka damu, magonjwa mawili ya virusi yanayoua sungura, kama zinapatikana mliko.

Mkojo wa rangi ya chungwa usikukoseshe usingizi. Mkojo wa sungura hubadilika rangi kufuata mimea aliyokula, kuanzia manjano hadi kahawia na wekundu wa kutu, na wakati mwingine huwa mzito wenye weupe wa chokaa kwa sababu mwili wake hutoa kalisi ya ziada kwa njia hiyo. Damu mara nyingi huonekana kama matone au michirizi ndani ya mkojo wa rangi ya kawaida. Akikaa akijikamua bila kutoa kitu, hilo ndilo la kumwambia daktari.

Turudi kwenye chakula, maana hapo ndipo penye kesi nzima.

Mtoto wa sungura bado ananyonya, kidogo kidogo, mpaka karibu wiki ya nane. Akiwa ananyonya, asidi ya tumbo lake ni hafifu, na maziwa ya mama yake yana mafuta maalumu yanayozuia vijidudu. Akishakuwa mkubwa, tumbo linakuwa kali sana, vijidudu vingi vinafia hapo hapo. Hatari iko katikati: kinga ya maziwa imeondoka, ukali wa tumbo haujafika. Huyo wenu ametolewa kwa mama yake katikati ya kipindi hicho, akasafirishwa, akawekwa mbele ya televisheni, akaletewa vyakula vitano asivyovijua. Mimi silaumu, umefanya kwa upendo. Ila tumbo lake halikupata nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo wiki mbili zijazo nataka apate maisha ya kuchosha. Chakula kilekile, mahali palepale, watu walewale, bila jipya lolote.

Nyasi kavu ndizo za kwanza, na hazina kipimo. Ziwepo usiku na mchana, rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake, zikiisha unaongeza. Ziwe kavu kweli, zenye harufu nzuri ya nyasi, zisizo na vumbi wala ukungu. Ukizishika zikawa na ubaridi wa unyevu au harufu ya kuoza, tupa. Vinyuzi vya nyasi ndivyo vinavyousukuma utumbo wake uendelee kutembea, na kutafuna kule kwa upande kunapunguza meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele peke yake huongezeka milimita mbili hadi tatu kwa wiki. Asipotafuna nyasi za kutosha, yale ya nyuma yanaota ncha zinazochoma ulimi na mashavu, na siku moja unamwona anakaribia chakula kwa hamu, anageuka, anaondoka. Kwa sababu bado anakua, unaweza kumchanganyia na majani makavu ya alfalfa, yana protini na kalisi nyingi. Akikaribia miezi saba alfalfa iondoke pole pole, abaki na nyasi za kawaida.

Za pili ni peleti, yaani chakula kikavu cha sungura kilichobanwa kuwa vidonge, na hapa mrudie muuzaji. Mpigie simu umuulize alikuwa anamlisha nini hasa, umwombe akuuzie kidogo cha hicho hicho. Kama ni peleti nzuri, endelea nazo. Kama unataka kubadilisha, changanya: siku za mwanzo za zamani ziwe nyingi na mpya kiduchu, uongeze kila siku mpaka ifike siku kumi hivi ndipo uwe umehama kabisa. Tafuta zilizoandikwa nyuzinyuzi asilimia 18 au zaidi. Ule mchanganyiko wa mbegu, nafaka na vipande vya rangi rangi, ambao kwenye paketi unapendeza kuliko chakula cha watu, uache dukani. Sungura huchagua vitamu na kubakiza vya maana, kama watoto wengine ninaowajua. Mtoto anayekua na mwenye tumbo zuri anaweza kula peleti kwa uhuru kiasi, mradi nyasi anazila. Ukiona nyasi haziguswi, peleti zimezidi, punguza. Akishakuwa mtu mzima kipimo kiwe gramu 25 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, basi.

Maji yawe kwenye bakuli zito asiloweza kupindua. Chupa ya kuning'iniza inauzwa sana, lakini sungura wengi hunywa zaidi wakiwa na bakuli, na ile njia ya chupa huziba bila mtu kujua. Badilisha kila siku. Maziwa ya ng'ombe yaache kabisa, hayafanani na ya mama yake, yanampa tumbo tu. Kwanza jike la sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, mara mbili kwa nadra, dakika chache tu, akaondoka zake. Kwa hiyo ile huruma ya asubuhi, ya mtoto anayemlilia mama kutwa, ni yetu sisi binadamu.

Karoti. Najua hapa nitamkosea binti yako. Mzizi wa karoti una sukari nyingi kwa mnyama aliyeumbwa kwa ajili ya nyasi, na sungura anayeipenda haonyeshi kwamba inamfaa. Iondoke kwa sasa, pamoja na tufaha na mkate. Akishakuwa mkubwa, kipande cha ukubwa wa ukucha mara moja moja kama zawadi hakitamdhuru. Majani ya karoti yenyewe ni mazuri, hayo atayala kwa raha akifikia umri.

Umri wa majani mabichi ni karibu wiki ya 12, na kwa sharti la choo kuwa kizuri. Unaanza na jani moja la aina moja. Unasubiri siku nzima, afadhali mbili, ukiangalia choo. Kikiwa sawa unaendelea na hilo, kisha wiki nyingine unaongeza la pili. Kotimiri, giligilani, majani ya karoti na ya dandelioni hukubalika kwa wengi. Saladi ile ya rangi ya maji haina faida, inamjaza maji tu. Kabichi huwapa baadhi yao gesi. Vitunguu, kitunguu saumu, viazi na majani yake, majani ya nyanya, maharagwe makavu, chokoleti na parachichi hapewi kabisa, wala akiwa mkubwa. Mimea ya maua ya ndani ipandishe juu asikoweza kufika, maana mingi ni sumu.

Kila wiki mpime kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli lenye taulo, uandike. Mtoto wa sungura huongezeka kila wiki. Namba ikisimama au ikirudi nyuma, utajua kabla macho hayajaona.

Na shika hili kuliko mengine: sungura hawezi kutapika, na utumbo wake haupaswi kusimama. Mkubwa akikaa saa 12 bila kula au bila kutoa choo, ni dharura. Kwa mdogo kama huyo usingoje hata hizo. Akijikunyata, akisaga meno kwa sauti kubwa, tumbo likiwa gumu kama limepulizwa, masikio yakawa ya baridi, hiyo si ya kulala nayo mpaka kesho.

Sasa woga wake. Hakuchukii, wala hamchukii binti yako. Sungura ni mnyama anayeliwa. Kila kilicho kikubwa kuliko yeye, kinachomjia kutoka juu na kumnyanyua, katika akili yake ni mwewe. Macho yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote kwa mara moja, lakini mbele ya pua yake na chini ya kidevu haoni. Mtu akimpelekea mkono puani kama anavyofanyiwa mbwa, mkono unatokea ghafla kutoka pasipojulikana. Mje kwa ubavuni, mkono uende juu ya paji la uso. Ule mguu anaopiga usiku ni kengele: amesikia au amenusa asichokielewa, anawaambia wenzake wajifiche, hata kama wenzake hawapo.

Mtoeni mbele ya televisheni. Jikoni nako hapana, kuna moshi na vyuma vinavyogongana. Tafuta kona tulivu yenye kuta mbili, isiyopigwa jua wala upepo wa moja kwa moja. Joto linamwumiza kuliko baridi. Nyuzi 15 hadi 21 ndizo anazozipenda, na kuanzia nyuzi 28 kwenda juu mwangalie kwa karibu. Kizimba cha waya, kama sakafu yake nayo ni waya, kiwekewe ubao au mkeka imara na nyasi juu. Nyayo za sungura hazina vifuniko laini kama za paka, ni manyoya tu, na waya huzichubua mpaka vidonda. Muwekee boksi la karatasi lililogeuzwa, lenye matundu mawili. Tundu moja ni mtego, mawili ni nyumba. Akiingia humo ni marufuku mtu yeyote kumtoa kwa mkono. Sheria hiyo moja, ikiheshimiwa na nyumba nzima, itafanya kazi kuliko mengine yote nitakayokuambia.

Siku mbili tatu za kwanza mwacheni. Mlishe, badilisha maji, safisha panapolowa, ongea kwa sauti ya kawaida, ondoka. Baada ya hapo ndipo zamu ya binti yako. Alfajiri na jioni ndiyo saa za sungura kuchangamka, kwa hiyo achague jioni. Mlango wa kizimba ufunguliwe, sakafu izungushiwe, nyaya za umeme zifichwe kwa sababu atazitafuna bila shaka yoyote, kisha mtoto akae chini na kitabu chake. Asimwite. Asimwangalie machoni. Awe na nyasi chache mkononi na asome. Sungura atatoka, atarudi, atatoka tena, atakuja kunusa kidole cha mguu. Mtoto asisogee. Siku hiyo inaishia hapo, hata kama machozi yanamlenga.

Baada ya muda ataanza kusugua kidevu chake kwenye kitabu, kwenye mguu wa kiti, labda kwenye goti la mtoto. Chini ya kidevu kuna tezi za harufu, anaandika "hiki changu". Hapo sasa anaweza kuguswa paji la uso na nyuma ya masikio, kwa vidole viwili, taratibu. Akitulia na kusaga meno kwa mlio hafifu sana, ambao huusikii bali unauhisi chini ya vidole, anafurahia. Tofautisha na kule kusaga kwa nguvu nilikokutaja, ambako ni maumivu. Akirukaruka hewani akijipinda mwili ghafla, usiite daktari, ni furaha. Akijitupa ubavu chini kwa kishindo na miguu ikanyooka, wengi hudhani amekufa. Amelala.

Kubeba ni suala la pili, na wengine hawapendi kubebwa maisha yao yote. Mifupa ya sungura ni myepesi, takriban asilimia nane tu ya uzito wake, wakati miguu ya nyuma ina nguvu za ajabu. Akirusha teke hewani bila kushikiliwa chini, anaweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Ile ya kuangukia kochi ilikuwa bahati kweli. Kwa sasa mtoto asimnyanyue kabisa. Wewe ukilazimika, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine uchukue makalio yote, umvute kwenye mwili wako, na ufanye ukiwa umepiga magoti ili akiruka asiwe na pa kuangukia. Masikio si mpini. Na zile video za sungura aliyelazwa chali akatulia kama amesinzia, msiziige: hajasinzia, ameganda kwa hofu kama anavyoganda mdomoni mwa mnyama wa porini.

Manyoya yaliyogandiwa yafute kwa kitambaa cha uvuguvugu hapo hapo palipochafuka, ukaushe vizuri, maana nzi hutaga penye uchafu na mafunza yake hula ngozi. Kumwogesha mwili mzima hapana, mshtuko wake unaweza kumdhuru.

Choo atajifunza mwenyewe ukimsaidia. Sungura hula huku anajisaidia, ndivyo alivyo. Angalia kona anayoichagua, weka trei hapo, tandika karatasi au nyasi, kisha rundo la nyasi za kula uliegemeze ukingoni mwa trei. Mchanga wa paka unaogandamana ukilowa usitumie, akiumeza unaganda tumboni.

Umeuliza kama mumrudishe. Kama mama yake bado yuko kwa huyo muuzaji na mtoto kweli hajafika wiki nane, na pale mahali ni pasafi, si wazo baya kumrudisha akamalizie muda wake, kisha mumchukue tena. Lakini kama alishatengwa na mama yake muda, au mlipomchukua palikuwa pamejaa na panalowa, safari ya pili itamwongezea msukosuko bure. Abaki. Mwambie baba watoto pia kwamba sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka minane hadi kumi na mbili. Hilo ni la kukubaliana sasa, si binti atakapokuwa sekondari na anataka vingine.

Dada yako ana hoja, ila si ya wiki hii. Sungura ni mnyama wa kundi, na mwenzake atamfaa kuliko mwanasesere au sisi. Lakini ukimletea mgeni wakati tumbo lake halijatulia, unaweza kuleta ugonjwa na ugomvi kwa pamoja. Ngoja apone, ajulikane jinsia. Na usikubali kuambiwa "ni ndugu, hawana neno". Sungura wadogo wanaweza kupevuka wakiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne, mimba ni siku 30 hadi 32, na jike anaweza kushika nyingine saa chache baada ya kuzaa. Dume na jike waliohasiwa ndio jozi inayoelewana kwa urahisi zaidi. Kwa jike, kutoa kizazi kunamkinga pia na saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo huwapata wengi wanapozeeka. Daktari atakupa umri wa kufanya hivyo, kwa kawaida kati ya miezi minne na sita, na siku ya upasuaji usimshindishe njaa: asiyeweza kutapika hana haja ya kufunga. Dume akishahasiwa akae mbali na jike wiki sita, kwa sababu mbegu zilizobaki bado zina uwezo.

Mjomba